Siku Tuliyomngojea Faith wa Merigi

Hii naisimulia nikiwa nimeinamisha uso, na kama kuna aliyesoma kule Kiptere mwishoni mwa miaka ya tisini, tafadhali asianze kunicheka kabla sijamaliza.

Nilikuwa mwalimu kijana kutoka Kisii, nakaa peke yangu kwenye nyumba ya shule, Kikipsigis changu, lugha ya wenyeji, kinaishia kwenye salamu, na jioni nyingi mtu wa mwisho kusema nami alikuwa mwanafunzi anayerudisha chaki. Shule ikapata kompyuta ya msaada, tukaiunga kwa laini ya simu ya ofisi ya hedimasta, nami nikaleta wazo (mimi na mawazo yangu) la tovuti ambayo darasa letu na darasa la shule fulani ya Merigi wangeandika pamoja habari za kwao, huyu anaongeza, yule anarekebisha, wote wanajifunza. Wetu wakaandika kuhusu chai, mvua ya mawe na ng'ombe. Merigi kimya, wiki tatu nzima (baadaye nilisikia kompyuta yao haikuwahi kutolewa kwenye katoni). Kila asubuhi watoto waliniuliza kama tumejibiwa, wakanishinda kwa macho yao, na siku moja baada ya masomo nikaandika jibu mwenyewe, nikatia jina Faith, darasa la saba.

Moja tu, nilijiambia. Lakini Chelangat, msichana mkimya wa dawati la nyuma ambaye sikuwahi kumwona na rafiki, alimwandikia Faith ukurasa mzima, Faith akajibu, na niseme ukweli, nilianza kuyangoja maneno yake kana kwamba ni mimi niliyekuwa naandikiwa. Siku Chelangat alipouliza wenzetu wa Merigi watakuja lini kututembelea, ilifaa ninyamaze tu. Lakini Faith akaandika kwamba Ijumaa wangefurahi sana kuja, na kabla sijafuta, hedimasta alikuwa ameshasoma na kutangaza kwenye paredi.

Ijumaa akina mama waliacha chai bila kuchumwa, wakaja na chapati na vibuyu vya mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, wakaketi kwenye nyasi wakiangalia barabara. Saa nne ikapita, saa saba ikapita. Nikasema labda gari limekwama kwenye matope (na jua lilikuwa limewaka wiki nzima). Hedimasta akaamua tuwaandikie shuleni kwao tujue kama walitoka, tukasongamana ofisini, ukurasa ukafunguka, na pale chini, mahali tovuti inapoonyesha kila andiko limetoka kompyuta gani, Chelangat akasoma polepole, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, mbona ya Faith yote imetoka kwa hii yetu?"

Nikakiri mbele ya wote. Hedimasta alitoka nje. Mama mmoja aliyesimama mlangoni na kibuyu chake alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akanimiminia mursik kikombe kizima.

"Kunywa, mwalimu. Hii ilikuwa ya mgeni, na wewe miaka mbili umekaa hapa hujaingia kwangu hata siku moja."

Nilikunywa nikitamani ardhi inimeze.

Chelangat hakucheka. Alingoja wengine watoke, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo Faith hayuko? Hata kidogo?"

Nikamwambia hayuko. Akachukua daftari lake akaenda, na hakuandika tena kwenye ile tovuti, wala sikumlazimisha. Muda wote huo nilidhani mpweke pale shuleni ni mimi peke yangu. Tangu siku hiyo sijaandika neno kwa jina la mtu mwingine, na ukurasa ukikaa mtupu, nauacha ukae mtupu.