Maji ya Kijani Hayaponi kwa Moto

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ziwa pale Sori liliamka na utando wa kijani, mzito kama rangi iliyomwagika. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, na mchana huo wazee wa ukoo wangekuja kuonja mapishi ya mkono wangu. Mama mkwe alikwisha kuwasha kuni. Alisukuma ule utando kando kwa kata, akachota maji, akaagiza tuyachemshe sana. Ndivyo wanawake wa ufuo ule walivyozoea: maji yakichafuka, moto unaongezwa.

Nikasita. Kwetu Mbita, ndama wa baba walikunywa maji ya rangi ile wakafa. Bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi, aliyekuja alitueleza taratibu kwamba mvua husomba mbolea na uchafu hadi ziwani, kisha jua likiwaka na upepo ukitulia, mwani hustawi. Mwingine una sumu. Moto huua mwani, lakini sumu hubaki majini.

Nilipomwambia mama mkwe, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Nyar Mbita, binti wa Mbita wewe, umekuja kuolewa au kutufundisha kuchemsha maji?"

Mawifi wakacheka.

"Nimekuja kupika, Mama. Ndiyo maana sitaki mgeni augue kwa mkono wangu."

Bibi harusi anayekataa sufuria, jina lake hufika sokoni kabla ya yeye mwenyewe. Nilijua hilo. Hata hivyo nilijaza maji yale kwenye chupa ya kioo, nikaiweka kivulini, nikawaambia kuwa tope huzama na mwani hupanda. Tulipomaliza kuparua samaki, kijani chote kilikuwa kimekaa juu kama malai ya maziwa. Mama mkwe aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamwaga sufuria nzima, akawatuma wale wale waliocheka wachukue madumu waende kisimani.

Yeye mwenyewe alikwenda kwa mwenyekiti wa ufuo, naye akamwita bwana samaki wa huko. Mifugo ikazuiwa siku hiyo hiyo. Maji yalipopimwa, sumu ilikuwamo kweli, lakini hakuna ng'ombe aliyekufa wala mtoto aliyeugua. Wazee wetu walikula wakashiba. Mama mkwe aliwaambia mbele ya wote, "Huyu ndiye macho yetu ya ziwa." Nilitembea Sori nzima kama niliyevishwa taji.

Mwanangu, dalili ya mvua ni mawingu. Usingoje samaki waelee. Ukiona kijani kimetanda, usichote, usioge, zuia mifugo. Chupa haiwezi kukuambia kama kuna sumu, hiyo ni kazi ya maabara. Chupa inakuambia tu usimame na utoe taarifa. Leo una simu: piga picha, taja mahali na saa, uwapelekee mwenyekiti wa ufuo na afisa wa afya. Wakikucheka, sema tena kwa upole.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe macho yanayoona mapema na ulimi usioogopa, na ziwa hili likulishe wewe na wajukuu wako.