Yeremia na Mbigili za Uwanjani

Ritha alikuwa beki wa kulia wa timu ya wasichana ya kijiji, na kama wenzake wengi alicheza pekupeku. Uwanja wao uko nje kidogo ya Ihanja, ng'ambo ya barabara kuu. Umeota ukoka, ambao kiangazi hukauka ukawa kama makapi, kisha hufufuka mvua za kwanza zikigusa ardhi. Ndani ya ukoka huo kulikuwa na mbigili, majani yanayotambaa chini, yenye maua madogo ya njano na mbegu zenye pembe ngumu kama misumari. Kila mchezaji alizijua. Ukichomwa unakaa chini, unang'oa, unaendelea.

Ndivyo alivyofanya Ritha siku ya mechi na wasichana wa kijiji jirani. Mbigili ilimwingia kisiginoni, ikazama. Baba yake, Yeremia Mghenyi, mkulima wa alizeti na mtama, alikuwa amesimama pembeni mwa uwanja. Kocha Ezekieli alimwambia binti apelekwe zahanati, kidonda kisafishwe.

"Ni mwiba tu, mwalimu," Yeremia alijibu. "Mwache amalizie mpira."

Ritha akacheka, akarudi mchezoni. Walishinda.

Wiki iliyofuata alishindwa kufungua mdomo ale ugali. Mama yake, Flora, alidhani ni jino. Jirani alisema mtoto karogwa. Shingo ilipokaza, Yeremia alimpakia kwenye bodaboda, yeye akakaa nyuma akimshikilia, mpaka hospitali. Daktari aliuliza habari za kidonda, kisha akauliza habari za chanjo. Hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini. Akawaambia ni pepopunda.

Walimlaza kwenye chumba kilichozibwa madirisha, kwa sababu mwanga ulimshtua, na kila aliposhtuka mwili mzima ulikaza na mgongo ukapinda. Mlango ukigongwa, hivyo hivyo. Yeremia alivua viatu nje asije akasikika. Ritha alikuwa na akili zake timamu muda wote. Hilo ndilo lililomkaa Flora moyoni: macho yanawatazama, mdomo hausemi. Alifariki alfajiri, kabla wauguzi hawajabadilishana zamu.

Matanga yalipoisha, Yeremia alichukua jembe akaenda uwanjani. Kila alipoona mbigili alichimba, akazikusanya, akazichoma moto. Watu walimwacha kwa sababu walijua ana uchungu. Lakini jembe lilikata na ukoka, likaacha vipara vya udongo mtupu, na mvua ziliporudi, kilichoota kwanza kwenye vipara hivyo ni mbigili, nyingi kuliko mwanzo. Akaleta chumvi, akamwaga. Penye chumvi hapakuota kitu chochote tena, na upepo ukaanza kuchimba mashimo.

"Mzee, uwanja unakufa," Ezekieli alimwambia.

"Na ufe."

Flora naye alimwambia nyumbani, "Baba Ritha, unaua kila kitu."

Aliyemsimamisha ni Belinda, afisa kilimo wa kata, binti mdogo tu, aliyepita na pikipiki akamkuta amepiga magoti katikati ya uwanja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Belinda alichuchumaa, akang'oa shina moja la mbigili, akaliweka karibu na uzi wa ukoka. "Tazama haya majani. Mbigili ina majani mapana, hata kama ni madogo. Ukoka ni nyasi, ni ndugu wa mahindi. Ipo dawa ya kupulizia kwenye mahindi, inaua magugu ya majani mapana, nyasi inaziacha. Lakini upulizie mbigili zikiwa changa, ardhi ina unyevu, upepo umetulia. Zikishatoa mbegu, umechelewa."

"Halafu zitaisha?"

"Hazitaisha mwaka huu. Mbegu zinakaa ardhini miaka. Ukoka ndio utakaozimaliza. Ziba vipara, mbigili ikose jua."

Alimwelekeza aina ya kununua kwenye duka la pembejeo, akamsisitiza avae glovu na buti na afunge pua, na mbuzi wasichungwe pale mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa upite. Yeremia alifuata yote. Mbigili zilijikunja, zikawa kahawia. Ukoka ulinyauka kidogo kwenye ncha, kisha ukainuka.

Zikabaki mbegu zilizodondoka zamani. Kiangazi kilipofika, alianza kuburuta magunia yaliyolowa juu ya uwanja ili zinase humo. Magunia hayakushika vizuri. Siku moja alichukua blanketi.

Flora alimfuata uwanjani akikimbia. Lilikuwa blanketi la Ritha, la rangi ya zambarau, alilokuwa akilala nalo tangu darasa la kwanza. Flora alilivuta kutoka mikononi mwa mumewe, na mbegu zilizojaa upande wa chini zikamchoma viganja. Hakuliachia. Damu ilimtoka na bado alivuta.

"Lete hapa! Lete kitu cha mwanangu!"

"Mama Ritha, nazitoa. Nazitoa zote."

"Utatoa nini? Mwiba hukuuweka wewe. Lakini uliambiwa umpeleke zahanati. Uliambiwa!"

Ezekieli na wachezaji wachache waliokuwa wakipita barabarani walisikia. Yeremia alisimama pale, mikono mitupu, mpaka mkewe alipopotea nyuma ya nyumba. Kesho yake Flora alipanda basi kwenda kwa mama yake huko Misigiri, na blanketi likiwa ndani ya mfuko.

Mvua zilizofuata zilimkuta Yeremia peke yake. Alichukua vipande vya ukoka kutoka kingo za mfereji wa barabara, akavipanda kwenye vipara, kipande kwa kipande. Penye chumvi alitoa udongo, akabeba mwingine kwa toroli. Mbigili chache zilizoota alizing'oa kwa mkono na mizizi yake kabla hazijachanua. Watu walianza kumsaidia.

Flora alirudi wakati wa kupalilia alizeti. Yeremia alimpokea mzigo. Kabla hajakaa hata wiki, Flora alipita kwa kina mama wa wachezaji nyumba kwa nyumba, akaenda nao zahanati wasichana wakachanjwa dhidi ya pepopunda. Uwanjani hakukanyaga.

Ukoka ukafunika uwanja wote, goli hadi goli. Tangu msiba, wazazi wengi walikataa kuwaruhusu mabinti zao kucheza, ikachukua muda mrefu timu kukamilika tena. Siku ya mechi ya kwanza Ezekieli alikuja mwenyewe kumkaribisha Yeremia akae mbele.

"Nina kazi shambani, mwalimu."

Haikuwa uongo. Shamba lao liko karibu, makelele ya mpira yanafika. Goli lilipofungwa, watu wakapiga vigelegele, Yeremia alisimama na panga mkononi, akatazama upande ule. Flora naye alisimama. Kisha Flora akainama, akaendelea kukata vichwa vya alizeti, na mumewe akafuata mstari wa pili.