Mnada wa Ndani ya Simu

Sauti ilikuwa ya ng'ombe, na ilitoka kabatini. Nyumba yetu ya Kamunyonge, Musoma mjini, haikuwa na zizi wala pa kufugia hata kuku wawili, lakini mchana wa saa tisa, jirani akiwa ameanika dagaa na harufu yao imeingia mpaka kwenye mashuka, ng'ombe alilia katikati ya vyombo vya mama, nami nikatupa daftari nikakimbia. Ilikuwa simu. Kila nilipouza kitu kwenye mchezo ule, ililia hivyo mara moja tu, ikanyamaza. Wageni walishtuka. Mimi nilifurahi mno, maana nilikuwa darasa la saba, nilikuwa na akili, na nilijua kwamba nina akili, jambo ambalo kwa mtoto ni ugonjwa.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kufuga. Watu tusiojuana tulifuga ng'ombe wa kwenye kioo, tukawapa majina, tukauziana mnadani. Jina alilopewa ng'ombe siku ya kwanza halikufutika hata akibadili wenyewe mara kumi. Kiangazi kilikuja mle ndani sawasawa na nje, na ng'ombe asiye na majani alikonda huku unamwona, mpaka akalala asiamke. Wenzangu walihangaika. Mimi, ng'o! Kabla ya kiangazi nilinunua kila robota la majani nililoliona mnadani, nikayakalia. Ukame ulipokolea nikayaachia moja moja kwa bei mara nne. Aliyeshindwa kununua majani aliuza ng'ombe wake kwa bei ya kutupa, na mnunuzi nilikuwa mimi huyohuyo. Mama, ambaye aliuza mitumba sokoni, aliponiuliza nafanya nini na simu yake ya zamani, nilimweleza kwa majivuno. Nikamwambia hata yeye hununua nguo kwa bei ndogo akauza kwa kubwa, sasa tofauti iko wapi? Alikuwa anakunja mashati, hakuinua hata kichwa. "Mimi nanunua kwa mtu aliyeichoka nguo yake," alisema. "Wewe unanunua kwa mtu anayelia. Zamani tuliitaga kulangua, na watu walifungwa." Nilicheka. Mambo ya kwenye simu, nani atafungwa?

Mwaka huo ukame ulikuwa mkali nje pia. Babu, baba yake mama, aliishi Butiama, na kila alipopiga simu kundi lake lilikuwa limepungua. Niliwajua ng'ombe wake wote kwa sababu likizo nilizimalizia kwake. Alikuwa na utani hata na mifugo: jike mmoja mwekundu, aliyependa kusimama mlangoni pa zizi akitazama wenzake wakipita utadhani anawaandika, alimwita Karani Hana Haraka. Karani alikufa wa kwanza. Wiki mbili baadaye akafa Kipaza, yule aliyelia kuwapita wote.

Kwa hiyo nilipofungua mnada siku moja nikasoma, kwenye orodha ya ng'ombe waliokonda, jina Karani Hana Haraka, nililisoma tena herufi kwa herufi. Alikuwa mwekundu. Muuzaji hakuwa na jina, namba tu. Waliolijua jina lile duniani hawakufika kumi. Ningeweza kuacha, lakini bei, jamani, ilikuwa ya bure. Nikamnunua, na saa haikuisha nikamuuza kwa mwingine wa namba tupu. Simu ikalia mkononi mwangu, nikaidondosha.

Juma lililofuata akaja Kipaza. Marehemu wawili, kwa mpangilio uleule waliokufia. Nikamnunua, ila sikuthubutu kumuuza. Nikaanza kuogopa mchana kweupe. Sikupenda tena kubaki peke yangu na lile kabati. Niliamini kuna mahali ng'ombe waliokufa hupita, na mahali penyewe nimepafungua mimi. Kisha Ijumaa mchana likatokea jina la tatu, Bibi Arusi, na nijuavyo mimi huyu alikuwa hai. Nilimnunua hata hivyo. Sitamsingizia shetani, nilijua mvua ikinyesha atakuwa na bei. Kesho yake asubuhi babu akapiga kusema Bibi Arusi amekufa.

Nililia, nikamweleza mama yote, kwamba ninawaua ng'ombe wa babu kwa kuwanunua. Nilitaka aniambie ni upuuzi. Hakusema hivyo. Alilifunga belo lake la mitumba akaniambia nivae viatu.

Butiama tulikuta zizi tupu, samadi imekauka hata harufu haina. Na nyuma ya jiko nikamsikia babu anaita ng'ombe. Anapiga mluzi mdogo, anataja jina, anasubiri, anataja lingine. Kipaza. Bibi Arusi. Nilimshika mama gauni. Tulipozunguka tukamkuta amekaa kigodani, na binamu yangu Nyangeta, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na aliyeishi naye, amemshikia simu mbele ya macho. Mchezo ulikuwa uleule wangu.

Nyangeta alitueleza. Ng'ombe walipoanza kufa, aliwaumba kwenye simu kwa rangi na majina yao, babu apate wa kuwaita asubuhi. Majani yakapanda bei mle ndani, ikabidi wauze wengine ili waliobaki wale, na babu ndiye aliyechagua: waanze waliokwisha kufa huku nje. Bibi Arusi, siku walipomweka mnadani, huku nje alikuwa ameshaanguka, haamki. "Kuna watu mle wameyakalia majani yote," Nyangeta alisema. "Hawana hata haya."

Nilisema ni mimi. Palepale niliwarudishia Kipaza, Bibi Arusi na majani yote. Babu hakugomba. Siku zote aliniita mke wangu, utani wa babu na mjukuu. Siku ile aliniita kwa jina langu.

"Wegesa, na Karani?"

"Nilimuuza, babu."

"Kwa nani?"

Nikamwambia sijui, ni namba tu. Alisubiri, akidhani nitakumbuka. "Huku alikufa, nilimwona kwa macho yangu," alisema. "Huko umempeleka wapi?"

Leo nina duka la simu za mtumba Bunda. Nanunua, nauza, napata faida, na sioni aibu. Vijana huniletea akaunti za michezo niwatafutie wateja, nikikataa wananiambia soko ni soko, dada, aliyeuza karidhika. Mchezo wetu ulishafungwa na walioumiliki, mifugo yote ikazimika siku moja, na rafiki zangu husema hapakuwa na ng'ombe pale, zilikuwa picha. Ningependa kuwaamini. Lakini Nyangeta, aliyekaa na babu mpaka mwisho, aliniambia kwamba mzee aliita kundi lake kila asubuhi hadi wiki aliyofariki, na akifika kwenye jina la Karani aligeuka kutazama barabara ya Musoma, upande niliokuwa naishi mimi.