Viwavi wa Mwamvua

Wifi yangu Mwamvua alikuwa mfunga viwavi. Usicheke, sisi tulikwisha kumcheka vya kutosha. Alikuwa na ajira kwenye kituo cha utafiti wa wadudu hapa Kibiti, miaka ile serikali ilipokuwa ikipunguza wafanyakazi. Alimkaza kiwavi wa pamba kwa uzi nyuma ya kifua. Kifuani ndimo mlimo na tezi inayotoa homoni. Uzi ukikaza, homoni haifiki nyuma, na chembe za damu za huko hupungua. Alitoa tone la damu, akazihesabu chembe zake kwa hadubini.

Kaka yangu alipofariki, Mwamvua akakaa eda kwa mama yetu, Mwanahawa. Mkuu wake, Bwana Hilal, hakumficha: asiye na majibu ya kuonyesha ataachishwa kazi. Akamletea hadubini na viwavi, afanyie kazi dirishani. Mwamvua aliishikilia kazi ile kufa na kupona, maana mama alikuwa keshapanga kwamba eda ikiisha arithiwe na mdogo wetu Mahamudu, akaishi Salale kwenye mikoko. Posa ndani ya eda ni haramu, lakini nani amwambie mama? Na bila mshahara, Mwamvua angekataa kwa jeuri gani?

Asubuhi moja Mwamvua yuko bafuni, mama akafunua bakuli la viwavi. Akaona kila kiwavi na uzi wake, na kila uzi na fundo lake. Pwani hii fundo halifungwi bure. Aliyefunga fundo amemfunga mtu. Mama akasoma Kul-audhu ya kukinga uchawi, akakata nyuzi zote kwa wembe, akawamwaga viwavi uani.

Nilikuwa natwanga. Mwamvua alifika mlangoni akasimama hapo hapo, maana mama hakumruhusu kutoka nje hata uani. Kuku walikwishawazunguka.

"Wifi, wakusanye! Wakusanye, nakuomba!"

Niliacha mchi nikakimbia. Nilichookota ni kipande cha kiwavi. Roho iliniuma.

"Mama, niliwafunga mwenyewe," Mwamvua akalia. "Ndiyo kazi yangu."

Mama alimkumbatia, machozi ya furaha yakimtoka. "Wee mwanangu, nani mwenye akili amfunge mdudu? Kumbe ndiyo maana moyo wako mzito kwa Mahamudu. Ulifungwa. Leo mie nimekufungua."

Hakuwa na majibu ya kuonyesha, akaachishwa kazi, na eda ilipoisha alipelekwa Salale. Mama mpaka leo husimulia wageni jinsi alivyomwokoa.