Mchwa wa sajini walikuwa bado wanatembea

Leo nimekula makofi mawili kwa sababu mchwa walikuwa bado wanatembea.

Juzi nilimwaga dawa kwenye udongo kuzunguka nyumba ya sajini mmoja hapa Kawempe.

Leo akaniita ukutani. "Fundi, hawa wamekufa?" Kofi.

"Afande, dawa hii huua polepole, waache warudi nayo kwao. Wanalambana, wanalishana. Mmoja anaua mia kichuguuni."

Kofi la pili.

Akaleta birika la maji ya moto, akawamaliza pale pale. Kumi na mmoja, niliwahesabu. "Mchwa anauawa hivi, wewe."

Kisha akanichimbisha udongo wote wenye dawa, nikautupa.

"Asante, afande."

Boriti iliyo juu ya kitanda chake niliigonga juzi. Imebaki ganda tu, ndani mchwa wameimaliza.

Nyinyi mngemwambia?