Drili Tupu ya Mzee Fungua

Jina lake la kuzaliwa walilijua mkewe na watu wa pensheni. Wengine wote walimwita Mzee Fungua. Alilinda lango la kiwanda cha sabuni tangu ana nywele kichwani mpaka zilipomwisha, na kila jioni kazi yake ilikuwa moja: mfanyakazi anayetoka anasimama mbele yake, naye anasema, "Fungua." Mkoba, kapu, chombo cha chakula, hata mwavuli. Mwavuli hasa! Kuna mjanja aliwahi kutoka na sabuni ndani ya mwavuli, akadakwa, na tangu siku hiyo mzee hakuamini mwavuli wowote, hata mvua ikiwa inanyesha.

Kustaafu alistaafu, lakini lango alihama nalo mpaka nyumbani. Muuza mkaa anafunguliwa gunia hadi chini. Binti yake akija na keki, "Baba, ni keki," mzee anajibu, "Nimesikia. Fungua." Watu walicheka, wakamzoea.

Si wote. Mkewe alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi wa vitanda na makabati, mtu wa vicheko. Siku moja shemeji huyo alikuwa anaaga, mkoba begani, wanawe wawili pembeni yake. Mzee Fungua akasimama mlangoni akasema lile neno lake. Shemeji akadhani ni utani, maana mashemeji hutaniana, akacheka. Mzee hakucheka. Basi yule bwana akafungua mkoba mbele ya wanawe, akaonyesha randa yake na patasi zake, akafunga, akaondoka. Mlango ule hakuukanyaga tena. Mke wa mzee hakugomba. Heri angegomba! Alinyamaza tu, na miaka ikapita amenyamaza juu ya jambo hilo.

Halafu mama wa watu akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Hospitali ikamtengeneza, binti yao akamchukua kwake akamuuguze. Mzee akabaki peke yake na nyumba. Asubuhi anachemsha chai ya watu wawili, anakumbuka, anaimwaga ya pili. Alikuwa na upweke mpaka akaanza kuzungumza na redio, na redio yenyewe akawa anaibishia.

Siku moja binti akapiga simu. "Baba, daktari amesema mama hawezi kurudi huko bila vishikio vya chuma ukutani, kuanzia chumbani mpaka bafuni. Jumamosi namleta aone. Kama havipo, nageuza naye."

"Aone nini? Nyumba yake mwenyewe?"

"Baba, vishikio."

"Mpe simu." Mkewe akaja kwenye simu. Mzee akauliza, "Na wewe mwenyewe, unataka kurudi?"

Kukawa kimya. Kisha akasema, "Weka vishikio kwanza, baba watoto."

Mzee akakata simu. Hapa pana namna, alijiambia. Kile kimya hakikuwa cha nyonga. Aliogopa, na tuseme wazi kwamba aliogopa: mkewe angekuja Jumamosi, angetazama, angesema asante, na asingebaki.

Vishikio alivinunua, lakini kuita fundi wa kutoboa ukuta hakutaka. Fundi akiingia leo kupima ukuta, kesho anajua dirisha gani halifungi vizuri. Kuazima drili ya waya nayo haikufaa, kwa sababu bafuni hakuna umeme, na waya wa kuburutwa kwenye sakafu yenye maji ni kutafuta maiti. Ikabaki drili ya betri. Mzee Fungua akavaa kofia akaenda mtaa wa maduka ya vifaa, macho yamemtoka.

Duka la kwanza alishika betri mkononi, akaipimapima, akaona nyepesi. "Humu mmeweka nini, pamba?" Muuzaji akanuna. Duka la pili boksi lilisema volti ishirini, betri yenyewe imeandikwa kumi na nane.

"Mbili zimekwenda wapi?" mzee akauliza.

"Ni ileile, mzee. Ishirini ni betri ikiwa imejaa pomoni, kumi na nane ni ikiwa kazini."

"Hata wezi wangu walikuwa na maelezo mazuri," akasema mzee, akatoka.

Duka la tatu alikuwepo mama mmoja mwenye miwani, mpole, na upole wake ukamtia mzee wasiwasi zaidi. Akamuuliza ukuta ni wa nini. Wa tofali, akasema mzee. Basi unahitaji hii inayozunguka huku inagonga, akasema mama, wala usinunue ile kubwa, ile ni ya watu wanaotoboa zege kutwa, wewe ya nyumbani inakutosha. Muuzaji anayekukataza kitu cha bei kubwa! Mzee alimtazama kama anayemtazama mtu wa mwavuli. Akaichukua drili ya maonyesho, akaiwasha, akaitegea sikio. Akashika biti, ile ncha ya kutobolea, akaitikisa, haikucheza. Akainusa, isije ikawa imeshaungua mahali ikapakwa rangi. Kila alipotafuta kasoro alikosa, na kukosa huko kukamuudhi.

"Nzuri," akakiri. "Sasa semeni hila yenu iko wapi."

"Hakuna hila, mzee. Na wiki hii tuna ofa. Unapata begi lake, betri mbili na chaja, vyote pamoja."

Ofa! Hapo ndipo lile lango la kiwanda lilipoamka kifuani mwa mzee. "Na mashine yenyewe tupu?"

"Tupu ipo, na bei iko chini sana, lakini hiyo ni ya mtu ambaye tayari ana—"

"Nipe tupu."

"Mzee, nisikilize kidogo. Tupu haina—"

"Haina begi, haina mapambo, haina vikorombwezo. Ndiyo hiyo naitaka. Binti yangu, mimi mambo haya nimeyaona kabla hujazaliwa."

Yule mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akanyoosha kidole kwenye kibao ukutani: kitu kikishauzwa hakirudishwi. "Sawa," akasema, "lakini usije ukasema sikukuambia."

Mzee alifungua boksi palepale, hilo halina mjadala. Akaitoa drili, akaikagua juu na chini, akachungulia mpaka lile tundu lililo chini ya mpini. Haikuwa na ufa, haikuwa na mkwaruzo. Alikagua kila kilichokuwemo. Kisichokuwemo hakukikagua, maana langoni kazi yake ilikuwa kutafuta kilichozidi, si kilichopungua. Akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Alipofika, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu. Kimya. Akaigeuza, akatazama lile tundu tena, na jasho likamtoka. Lahaula! Betri haikuwemo. Amejiuzia mwenyewe mbuzi kwenye gunia, na gunia kalifungua kwa mkono wake.

Akarudi dukani mkia katikati ya miguu. Yule mama hakumcheka, na hilo lilimuuma kuliko kuchekwa. Betri na chaja zikinunuliwa peke yake, akaambiwa, zinakaribia bei ya ofa nzima. Mfuko wa mzee ulishasema basi, na pensheni ilikuwa mbali. "Huna mtu mwenye mashine za kampuni hii?" mama akauliza. "Betri zao zinaingiliana, ya hii inakaa kwenye ile. Mafundi fanicha wengi wanazo."

Mzee alimjua fundi fanicha mmoja tu.

Ijumaa mchana akasimama mlangoni mwa karakana ya shemeji yake, boksi kwapani. Shemeji alikuwa anapiga msasa ubao wa kitanda. Akainua macho, akamwona, mkono ukasimama.

"Shemeji," mzee akasema.

"Shemeji. Dada hajambo?"

"Anaendelea vizuri. Kesho analetwa. Natakiwa niweke vishikio, la sivyo anageuzwa." Akafungua boksi. "Nimenunua hii."

Shemeji akaipokea, akaizungusha mkononi. "Mashine safi. Umechagua vizuri, sikutegemea. Betri iko wapi?"

"Ndiyo iliyonileta."

Shemeji akamtazama, akaitazama drili, kicheko kikampanda kutoka tumboni mpaka akakaa chini juu ya mbao. "Wewe! Wewe Mzee Fungua! Umeuziwa tupu?"

"Cheka, cheka ushibe. Kisha niazime betri."

Kicheko kikaisha. Shemeji akajifuta machozi, akasimama, uso umebadilika. "Betri nitakuazima. Lakini haitoki hapa peke yake, nitakuja nayo mwenyewe. Nitajuaje hutaiuza?"

Maneno hayo yalimkata maini mzee. Yeye! Yeye wa kushukiwa wizi! Akafunga boksi lake, akalirudisha kwapani.

Jumamosi asubuhi shemeji akaja na mkoba uleule begani. Akasimama nje ya kizingiti, haingii, anasubiri. Mzee akaelewa anachosubiri. "Ingia basi," akasema, "kazi ni nyingi."

Wakaanza. Shemeji akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akakwepa mahali penye bomba, akapima kwa futi ya mzee, rula ya chuma, akatia alama kwa penseli. Kisha akachomeka betri kwenye drili, ikalia "tak," akampa mzee. "Toboa wewe. Usiisukume, iache itafune yenyewe." Mzee akatoboa. Vumbi jekundu likamwagika kwenye viatu vyake, shimo likatokea zuri, la mviringo, na raha ikamshika kama mtoto. Mashimo yote ya korido akayatoboa yeye. Shemeji akapachika plastiki za kushikia skrubu, wakakaza vishikio, mmoja huku, mwingine kule, wakibishana juu ya kimo.

Lakini jicho la mzee halikulala. Mbona shemeji mwema hivi? Mbona ameleta skrubu zake mwenyewe, za chuma kisichoshika kutu, wala hakuzidai? Mtu uliyemtia aibu mbele ya wanawe haji kukutolea jasho bure. Kila shemeji alipoinama kwenye mkoba, mzee aliinama kidogo pia.

Kazi ikaisha. Mzee akajining'iniza kwenye kishikio cha bafuni kwa uzito wake wote, ukuta haukutikisika. Shemeji akachomoa betri yake, akakusanya vitu, akafunga mkoba. Mzee akaenda kuchukua futi yake dirishani alikoiacha, aone kimo kwa mara ya mwisho.

Futi haikuwepo.

Akaangalia sakafuni, chini ya beseni, juu ya tangi, mifukoni mwake. Haikuwepo. Ilikuwa futi nzuri, zawadi ya kuagwa kiwandani, imechongwa jina lake la kuzaliwa. Macho yake yakaenda kwenye mkoba, yakaganda hapo. Ndiyo hivyo, alijiambia. Ndiyo hivyo! Nilijua. Shemeji alimwona anavyotazama. Rangi ya uso ikambadilika.

Nje gari likapiga honi. Mlango ukafunguliwa, na mkewe akaingia taratibu, kakonda, binti kamshika kiwiko. Hatua ya pili tu akamwona mdogo wake amesimama koridoni na mkoba. Akasimama.

"Umefuata nini wewe?"

"Nimeleta betri, dada."

Mama akaweka mkono kwenye kishikio. Akaubana. Akaenda nacho polepole, mkono baada ya mkono, mpaka mlango wa bafu, akarudi vilevile, na binti hakumgusa. "Vimeshika," akasema. Lakini hakukaa. Hakuvua hata mtandio. Binti naye funguo za gari bado zilikuwa mkononi.

"Basi mimi naaga," akasema shemeji kwa sauti ya chini, akatupia mkoba begani, akaelekea mlangoni. Mzee alikuwa amesimama palepale mlangoni. Mkewe hakumtazama mdogo wake. Alimtazama mumewe, usoni kabisa, na hakupepesa.

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa mzee. Alilihisi, zito, la miaka yote. Futi yangu. Jina langu limo humo. Nikimwacha avuke kizingiti hiki, sitajua tena kamwe. Na shemeji akasimama mbele yake, na mkono wake mwenyewe, bila kuambiwa, ukaenda kwenye zipu.

Mzee akaushika ule mkono.

"Kesho njoo na wanao," akasema, sauti inakwaruza. "Dada yao... shangazi yao, namaanisha, hajawaona siku nyingi. Mje mle hapa."

Akasogea pembeni. Shemeji akapita na mkoba wake umefungwa, akavuka kizingiti, akaenda zake. Na mpaka leo ile futi haijaonekana, wala mzee hajui ilikokwenda. Usiku mwingine inamkosesha usingizi, wala hasemi.

Mkewe alibaki amesimama, kakibana kishikio, machozi yanamtiririka na hayafuti. Kisha akamgeukia binti yao.

"Sanduku langu liko kwenye gari," akasema. "Nililiacha huko makusudi. Nenda kaniletee."