Niliiua Injini kwa Mdomo

Niliua injini ya gari la mama yangu kwa mdomo. Sikushika spana, sikumwaga mchanga, sikuiba ufunguo. Nilifungua mdomo tu, nikachekesha watu mezani, na wiki tatu baadaye gari likafa. Halafu, kwa kuwa ujinga mmoja haukunitosha, nikakaa kimya fundi akaitwa mwizi!

Jina langu sisemi. Nasoma sekondari hapa Kigali, na darasani mimi ndiye yule wa kuiga sauti. Naiga mwalimu wa kemia, naiga mchungaji wetu, naiga hata jenereta ya shule inavyokataa kuwaka. Watu wakiniambia "rudia", sina breki. Ndiyo shida yenyewe hiyo.

Kwanza mlijue gari. Tunaliita Padiri, kwa sababu mama alilinunua kwa padiri mzee aliyestaafu akaenda kulima Ndera. Ni gari dogo jeupe, limenizidi umri, na lilikuwa halijawahi kutuacha njiani. Kila siku mama hushuka nalo kilima cha Rebero na masufuria ya chakula cha mchana, anawapelekea watu wa maofisini kule Kiyovu. Gari hilo ndilo kazi yake.

"Hili gari lina baraka," mama husema.

Anko, mdogo wake anayeishi nasi, hakubali. "Siyo baraka, dada, ni bahati. Gari ni kama mume. Ukipata zuri umepata, ukipata bovu hata ulioshe na shampuu."

Mimi nilikuwa upande wa Anko. Baba hakuwahi kuchangia mjadala. Wakati tunabishana, Jumapili zote, yeye alikuwa nje analiosha. Tangu mwaka huu uanze yuko Dodoma kikazi, na Jumapili gari linabaki na vumbi lake.

Sasa, ile Jumamosi. Mama alilipeleka Padiri gereji breki zitazamwe, akaniacha nililinde, yeye akaenda sokoni kwa miguu.

Fundi wetu siyo mtu mnyonge, msije mkamwonea huruma mapema. Anavaa miwani ya jua hata akiwa chini ya gari. Ovaroli yake imepigwa pasi! Na hakuna kitu anachokipenda duniani kama sauti yake mwenyewe. Lakini sauti hiyo ina ulimi wa hapa kwetu: l na r zimebadilishana viti. Sisi nyumbani tunaongea Kiswahili cha Tanzania, baba ametoka huko na mama amekulia huko, basi mimi nikimsikia fundi naona kama nimeletewa zawadi.

Akafunga boneti, akaninyooshea kidole chenye grisi.

"Wewe mwana, mwambie mama yako: iyi gari inakura oyiri. Nimeongeza kidogo. Kira wiki afungue, aangarie kijiti. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Inakura oyiri," nikamjibu, kwa sauti yake ileile, kidevu juu.

Vijana wa gereji wakaangua kicheko. Yeye akavua miwani, akanitazama. "Sha, kijana, mimi sichezi."

Nilimwelewa! Hapo ndipo sina pa kujificha. Nilijua anasema gari linakula oili, linaimaliza, na kwamba kuna kijiti ndani cha kupimia. Lakini kichwani mwangu neno moja lilikuwa limeshapanda jukwaani peke yake. Inakura! Na kwa Kinyarwanda gukura ni kukua. Gari linakua!

Mama aliporudi sikumwambia. Utani mzuri huwezi kuutupa kwenye kiti cha nyuma katikati ya vitunguu. Unataka watazamaji. Nikautunza hadi chakula cha jioni, nikaazima miwani ya Anko, nikasimama mbele ya meza.

"Mama, fundi amenituma. Iyi gari inakura!"

"Inafanya nini?"

"Inakura, mama! Ujiandae. Mwaka huu itavunja sauti. Mwaka ujao itaota ndevu, itaanza kuchelewa kurudi nyumbani!"

Anko akaweka sahani chini. "Inakura au inapiga kura?"

"Kura itapiga ikifika miaka kumi na minane!"

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kitenge. Tangu baba aondoke sikuwa nimemwona akicheka hivyo. Basi nikarudia. Nikarudia tena. Oili ilipotea humo katikati, hata sikumbuki ni kwenye marudio gani.

Na kijiti? Kijiti sikukitaja kabisa. Hakikuwa kinachekesha.

Padiri alikufa siku ya Alhamisi, kwenye mlima wa kupanda Kiyovu, tumbo limejaa pilau. Mama anasema iliwaka taa nyekundu yenye umbo la birika, naye akadhani ni breki ya mkono. Halafu injini ikaanza kugonga ko-ko-ko kama mtu anayepiga hodi kwa hasira. Halafu kimya. Wateja wake walikula maandazi siku hiyo.

Aliyekuja na gari la kuvuta alichomoa kijiti, akakipangusa, akakichovya, akakitoa. "Mama, humu hamna oili hata ya kukaangia yai."

Jioni hiyo nyumba yetu ikageuka mahakama.

"Oili haina miguu," mama alisema. "Juzi tu nimetoka gereji. Imekwenda wapi?"

Anko alikuwa na jibu tayari. Kwamba jirani yetu wa chini alisimama getini akasema, "Gari lenu halizeeki!", tena bila kusema ashukuriwe Mungu. "Bahati inaibwa, dada, kama simu. Unaisifu, unaondoka nayo."

"Niache na mambo yako. Bahati haivuji. Mtu ameimwaga." Mama akanigeukia. "Wewe ulikuwepo. Ulimwona fundi akifungua kitu chini ya gari?"

Jamani! Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema tu, "Mama, alinituma, nikasahau." Ningekula makofi, ningenyang'anywa simu, yangeisha. Lakini nilitazama uso wake, nikatazama masufuria yaliyorudi yamejaa, nikasema:

"Alikaa chini ya gari muda mrefu sana."

Kweli alikaa. Alikuwa anatengeneza breki! Kila neno lilikuwa la kweli, na jumla yake ilikuwa uongo mtupu.

Mama akafunga kitenge kwa nguvu. Asubuhi alikwenda gereji peke yake akamwita fundi mwizi wa oili mbele ya wateja. Jumapili akawaambia wanawake wenzake wa kwaya, na wa kwaya wakawaambia waume zao. Mtaani kwetu habari haihitaji redio.

Kilichonitisha ni alichorudi nacho kutoka gereji.

"Hakujitetea," alisema. "Alivua tu miwani, akaniambia, 'Mama, uriza nyumbani kwako.' Ana maana gani, niulize nyumbani kwangu?"

Tukatazamana wote watatu.

Kuanzia hapo shaka ikahamia ndani. Mama alimtazama Anko, kwa sababu Anko ana rafiki mwenye pikipiki, na pikipiki nayo inatumia oili. Anko akakasirika, akaanza kunitazama mimi. Nilikohoa, akauliza kwa nini nimekohoa. Mama akakagua stoo. Nilimkuta Anko ananusa viatu vyangu! Nikamwuliza anatafuta nini, akasema, "Ukweli." Katika viatu!

Na mimi nikaacha utani. Kosa lingine. Ukiwa mchekeshaji, kunyamaza kwako ni sawa na kubandika tangazo ukutani.

"Unaumwa?" mama aliniuliza.

"Hapana."

"Mbona hata mchungaji humwigi siku hizi?"

"Nimekua."

Neno lilinitoka lenyewe. Nusura nijing'ate.

Kisha baba akapiga simu. Mama akaweka sauti kubwa ili Anko naye asikie, maana haamini tena kusimuliwa. Akaeleza yote: fundi, wizi, jirani. Baba alisikiliza, akauliza kitu kimoja tu.

"Tangu niondoke, nani anapima oili?"

"Si gari la baraka?" mama akajaribu kucheka.

"Mama nanihii, hilo gari linapungua oili tangu tulinunue. Kila Jumapili nikimaliza kuosha nilikuwa nafungua, napima, naongeza. Mlidhani nafanya nini nje asubuhi nzima?"

Basi ndiyo hiyo bahati ya Padiri! Ilikuwa inavaa ndala na kaptula ya zamani, inashika kitambaa kichafu, na sisi tuko ndani tunabishana kama ni ya Mungu au ya nyota. Ilipopanda basi kwenda Dodoma hatukujua kwamba imeondoka.

Mama alikaa na simu mkononi baada ya baba kukata. Nilidhani sasa yamekwisha, baba amebeba mzigo kwa kusahau kutuambia, mimi nimepona. Aibu yangu nawapa yote: nilifurahi!

Tukaketi kula. Anko, masikini, alitaka tu kuchangamsha meza. Akavaa miwani yake.

"Hebu, mjomba, tuchekeshe kidogo. Ile ya fundi. 'Iyi gari inakura!'"

Sikucheka. Mama pia hakucheka. Kijiko chake kilisimama njiani.

"Inakura," alisema polepole, kama anaonja chumvi. "Inakura... Inakula."

Akaweka kijiko.

"Inakula nini, mwanangu? Malizia sentensi."

Ningeweza kusema ndevu. Naapa, hata wakati ule ulimi ulinichezacheza.

"Oili," nikasema.

"Na nini tena?"

"Alisema kila wiki ufungue, utazame kijiti."

Anko alivua miwani taratibu, akaifunga, akaitia mfukoni. Hakuna aliyenipiga. Ningeomba kupigwa.

Kesho yake mama alinifuata shuleni, tukaenda gereji na yunifomu yangu hivyo hivyo. Nilitegemea kukuta foleni kama kawaida. Kulikuwa na gari moja, na fundi ameketi kwenye tairi, ovaroli haina pasi. Vijana wake walikuwa wawili. Zamani walikuwa watano.

Mama alianza yeye. Alisema, "Nilikuita mwizi mbele ya watu. Nimekuja kusema mbele ya watu kwamba nilikosea," ingawa watu wenyewe hawakuwepo tena. Halafu akanisukuma mbele.

Nilieleza. Nilipofika kwenye "inakura" sauti yangu ilitaka kugeuka ya fundi, kwa mazoea, nikaikaba.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "niriongea vibaya?"

"Hapana. Uliongea vizuri. Mimi ndiye niliyefikisha vibaya."

"Watu wa kanisa renu hawaji tena hapa. Utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Kwa sauti gani?"

Yule mtu anayependa sauti yake kuliko chochote alikuwa ananiuliza kwa sauti ndogo, kama anayeionea haya. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Injini nyingine inaweza kupatikana, mama anaitafuta, kwa sasa anakodi gari la mtu. Lakini fundi siku hizi akiongea nami anachagua maneno yasiyo na l wala r.

Nimewaambia watu wa kwaya, mmoja mmoja, mlango kwa mlango. Baadhi wamerudi kwake. Wengine wananitazama kwa jicho la pembeni, wakidhani fundi amenihonga. Kumchafua mtu nilitumia sentensi moja! Kumsafisha nimeshamaliza soli za viatu, vile vile alivyovinusa Anko.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayetembea na gari ambalo "haliharibiki tu". Usijisifu, shuku! Uliza ni nani anayefungua boneti wakati wewe umelala. Na wewe mwenzangu wa kuchekesha darasa, ukipewa ujumbe, ufikishe kwanza ukiwa mkavu kama mwalimu wa hesabu. Ukishafika, cheka hadi uanguke.

Siku ile kutoka gereji tulipanda Rebero kwa miguu. Mama alitangulia njia nzima, mkoba kifuani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikajua analia, nikazidi kujichukia. Tulipofika getini akageuka. Hakuwa analia. Alikuwa ameuma midomo, anajizuia kwa nguvu zote, na alipoweza kuongea alisema hivi:

"Ubaya wake, mwanangu, bado inachekesha. Kwa hiyo leo siwezi kukusamehe. Niulize kesho."